GB Ngapi Zatosha? Kadi ya Grafiki kwa Kompyuta ya Sebuleni

Swali linaloulizwa kabla ya mengine yote na kila mtu aliyenunua kompyuta kuukuu ya ofisini, akanuia kuifanya chombo cha kutazamia filamu sebuleni mwake, ni hili: kadi ya grafiki yenye GB ngapi yanitosha? Nimeulizwa swali hilo barazani, nimeulizwa kwa simu usiku wa manane, na siku moja niliulizwa na jirani yangu, karani mstaafu, ambaye alikuwa amekwisha kununua kadi ya GB 4, ameipachika kwa mikono yake mwenyewe, ameunganisha runinga mpya ya 4K, na bado filamu aliyoletewa na mwanawe katika flashi ilikuwa ikienda kwa kukwamakwama, sauti ikitangulia na midomo ya wasemaji ikifuata nyuma.

"Mwanangu," aliniambia, "dukani walikuwa na ya GB 2 na ya GB 4. Nikachukua kubwa. Kosa langu nini?"

Kosa lake halikuwa la fedha wala la mikono, bali la swali. GB zilizopigwa chapa kwa rangi juu ya boksi ni kipimo cha mwisho ambacho mtazamaji wa filamu yampasa kukiangalia, na wauzaji hukitanguliza kwa kuwa ndicho chepesi kulinganishwa: nne ni zaidi ya mbili, na hata mtoto ajua hivyo. Maswali yanayofaa ni mawili mengine, nayo ni kadi hii yajua kusoma nini, na ina tundu gani mgongoni.

Kazi ya kadi

Kadi ya grafiki, ambayo madukani huitwa grafiki tu, ni ubao mdogo unaochomekwa katika ubao mkuu wa kompyuta, wenye chipu yake, kumbukumbu yake na aghalabu feni yake, na kazi yake ni kuitengeneza kila picha inayotokea katika skrini. Prosesa, yaani chipu kuu iliyo ubongo wa kompyuta, yaweza kuifanya kazi hiyo, lakini kwa taabu, mfano wa mwalimu mkuu ambaye kwa saa moja apiga kengele, afagia uwanja na afundisha hesabu.

Anayecheza michezo ya kompyuta ahitaji kadi yenye nguvu nyingi, maana mchezo hubuni kila picha papo hapo kwa kadiri mchezaji anavyogeuza kichwa. Filamu haibuniwi. Imekwisha kupigwa, ikabanwa ili iwe ndogo, na kazi iliyobaki ni kuifumua. Katika tofauti hiyo ya kubuni na kufumua ndimo yalimo matumaini yote ya mtu mwenye mfuko mwepesi.

Mbona filamu hubanwa? Tufanye hesabu ndogo. Picha moja ya Full HD ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, jumla nukta 2,073,600, na kila nukta yahitaji baiti 3 za rangi, ambayo ni takriban MB 6 kwa picha moja. Sinema hupitisha picha 24 kwa sekunde. Filamu ya saa mbili, lau ingehifadhiwa bila kubanwa, ingejaza zaidi ya TB 1, nayo ni diski nzima ya kompyuta nyingi, ilhali tunaibeba katika flashi pamoja na wenzake kumi na nafasi yabaki.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayoifedhehesha ile namba ya boksini. Picha ya 4K ina nukta mara nne ya hizo, kwa hiyo yachukua kama MB 25. Hata kadi ikishika mkononi picha 20 zilizofumuliwa tayari, ni MB 500, na GB 2 zinabaki zikipiga miayo. GB 4 za jirani yangu zilikuwa ghala kubwa lisilo na mtu wa kupokea mzigo.

Hati mkato nne

Yule mzee alielewa upesi kuliko vijana wengi, kwa sababu katika utumishi wake aliandika hati mkato, yale maandishi ya alama fupi ambayo makarani walichukulia maneno ya wakubwa kwa kasi ya ulimi. Nikamwambia kwamba kodeki, yaani utaratibu wa kuibana filamu na kuifumua, ni hati mkato ya picha. Zipo nyingi, na anayejua moja si lazima ajue ya pili. Ndani ya chipu ya grafiki mna kijisehemu kilichofunzwa kiwandani kusoma hati fulani na fulani, nacho kikizikuta huzisoma kwa wepesi na kwa umeme mdogo kabisa. Kikikuta hati iliyobuniwa baada ya kutoka kwake kiwandani, hakijifunzi tena maisha yake yote, na karatasi hurudishwa kwa prosesa aisome neno kwa neno.

Hati zinazomhusu mtazamaji wa leo ni hizi:

- H.264, iliyokamilishwa mwaka 2003, ambayo karibu kila chipu iliyoundwa katika miaka kumi na tano iliyopita yaisoma.
- HEVC, iitwayo pia H.265, ya mwaka 2013, ambayo hubana filamu kwa takriban nusu ya ukubwa wa H.264 kwa ubora ule ule, na ndiyo inayotumika katika filamu nyingi za 4K zinazopita kwa flashi.
- VP9, ya Google, ya mwaka 2013 pia, inayotumiwa sana na YouTube.
- AV1, ya mwaka 2018, iliyotolewa na muungano wa kampuni kadhaa ili isilipiwe ada, nayo yazidi kuenea katika intaneti.

Kuna jambo moja la kuongeza, nalo huwaangusha hata wajuzi. HEVC ina ya biti 8 na ya biti 10, yaani ngazi 256 za kila rangi ya asili au ngazi 1,024. Filamu zenye HDR, ule mng'ao wa jua na giza unaosifiwa katika matangazo ya runinga, ni za biti 10, na chipu nyingine zajua ya 8 na hazijui ya 10. Muuzaji akisema "inasoma HEVC," muulize ya biti ngapi, nawe umtazame usoni anapojibu.

Kadi ya jirani yangu ilikuwa ya ukoo wa zamani, haikujua HEVC hata kidogo. Prosesa yake ya mwaka 2012 ilibeba mzigo wote peke yake, ikachemka, ikakwama.

*Kwa ufupi: tafuta kadi inayosoma HEVC ya biti 10 na VP9 kwa chipu yake yenyewe. AV1 ni neema ikiwapo, wala kukosekana kwake bado si msiba.*

Nasema si msiba kwa sababu kuna programu ya kufumulia AV1 iitwayo dav1d, iliyotokana na watu wale wale wa VLC, ile programu ya kuchezea filamu, ambayo ni nyepesi kiasi kwamba prosesa ya kawaida yenye vichwa vinne humudu picha za Full HD bila msaada wa kadi. Katika 4K, hapana.

Tundu la mgongoni

Swali la pili ni jepesi, nami nitalipita upesi. Kadi hupeleka picha katika runinga kwa waya wa HDMI, na HDMI ina matoleo. Toleo la 1.4, la mwaka 2009, lapitisha 4K kwa picha 30 tu kwa sekunde, na mtu hulihisi hata katika kusogeza kishale cha kipanya, kinachoruka badala ya kuteleza. Toleo la 2.0, la mwaka 2013, lapitisha picha 60. Kwa hiyo mwenye runinga ya 4K achukue kadi yenye 2.0 au zaidi, na mwenye runinga ya Full HD asijisumbue, maana 1.4 yamtosha na kubaki. Sauti nayo hupita katika waya huo huo. Ukiunganisha na runinga ikawa bubu, usiirudishe kadi dukani kabla hujaingia katika mipangilio ya sauti ukaiambia kompyuta itoe sauti kwa HDMI.

Je, wahitaji kadi kweli?

Hapa muuzaji hatanipenda. Prosesa nyingi huzaliwa zikiwa na grafiki ndani yake, na nyingine katika hizo zinasoma hati zote tulizozitaja isipokuwa ya mwisho. Prosesa za Intel za kizazi cha 7, zile ambazo namba yake huanza na 7 kama i5-7500, na za vizazi vinavyofuata, zasoma HEVC ya biti 10 na VP9 bila kadi yoyote, na za kizazi cha 11 na zinazofuata zimeongeza AV1. Tahadhari na herufi F mwishoni mwa jina, kama i5-9400F, maana ndiyo alama kwamba grafiki ya ndani haipo. Kwa upande wa AMD, tafuta herufi G.

Namna ya kulijua jina la prosesa ni nyepesi: bonyeza kwa kulia juu ya alama ya Windows, chagua mstari ulioandikwa System, nalo litaonekana.

Kompyuta zilizojaa katika maduka yetu ya mitumba, Kariakoo kama Nairobi, ni zile zilizotumika maofisini ng'ambo, Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre, za vizazi vyote vikiwa vimerundikwa pamoja. Mtu huchukua ya kizazi cha 3 kwa kuwa ni rahisi, kisha huongeza bei ya kadi juu yake, na akijumlisha hukuta kwamba kwa fedha hizo, au kwa nyongeza ndogo, angepata ya kizazi cha 8 isiyohitaji kadi kabisa, yenye kasi zaidi na yenye kula umeme kidogo zaidi. Hesabu hiyo yafaa ifanywe kabla ya kutoa mkoba. Kwa yule ambaye mashine ya zamani anayo tayari, kama jirani yangu na OptiPlex 7010 yake, kadi ina maana kamili.

Kadi zenyewe

Sasa tuziangalie bidhaa zilizopo, nami nitasema ninavyoziona bila kumpendelea mtengenezaji.

GT 710 na GT 730 za NVIDIA, ambazo ndizo nyingi na rahisi kuliko zote, nazikataa kwa kazi hii. Hazisomi HEVC, HDMI yake ni ya 1.4, na mwaka 2021 NVIDIA ilikoma kuzitolea draiva mpya za kawaida, draiva ikiwa ni programu inayoifundisha Windows namna ya kusema na kadi. GT 730 ina balaa jingine, nalo ni kwamba jina hilo moja limevikwa kadi za namna mbalimbali, nyingine zikiwa na chipu ya ukoo mkongwe zaidi. Ndiyo hiyo ambayo mara nyingi hukutwa na GB 4 boksini, GB za aina ya polepole, zilizowekwa kupendeza macho. Mwenye skrini ya Full HD na mkusanyiko wa filamu za H.264 tupu aweza kuishi nayo, lakini mtu huyo aghalabu hakuhitaji kadi toka mwanzo.

GT 1030, ya mwaka 2017, ndiyo niliyomtafutia jirani yangu. Ina GB 2, hula wati 30 kwa kilele, yasoma HEVC ya biti 10 na VP9, na HDMI yake ni ya 2.0. AV1 haijui. Hata hiyo ina mtego: toleo la kwanza lina kumbukumbu ya GDDR5, na mwaka 2018 likatoka toleo la DDR4 lenye jina lile lile, ambalo kumbukumbu yake hupitisha GB 16.8 kwa sekunde badala ya GB 48. Kijisehemu cha kufumulia ni kile kile, kwa hiyo kwa filamu peke yake toleo la pili si ubatili, lakini kulilipia bei ya la kwanza ni dhuluma. Soma maandishi madogo ubavuni mwa boksi. Fauka ya hayo, ujue kwamba ukoo wake nao umezeeka, na NVIDIA imeahidi kuupa draiva za usalama tu hadi Oktoba 2028.

RX 550 ya AMD, ya mwaka 2017 pia, ni kadi njema kwa filamu za flashi, yasoma HEVC ya biti 10 na ina HDMI 2.0, ila VP9 haikufunzwa barabara, na anayeishi kwa YouTube ya 4K atamsikia prosesa akihema. Mdogo wake RX 6400, wa mwaka 2022, ana HDMI 2.1 na hula wati 53. Ajabu yake ni kwamba ndugu zake wakubwa wote wa ukoo ule wasoma AV1, naye na mwenzake RX 6500 XT wakanyimwa.

Intel Arc A310, ya mwaka 2022, ni kinyume chake: ndogo, ya bei ya chini, nayo haisomi AV1 tu bali yaiandika pia, jambo linalowafaa wale wanaoweka filamu zao katika kompyuta moja na kuzirusha katika simu na runinga za nyumba nzima kwa programu kama Jellyfin. Lakini yataka kompyuta ya miaka ya karibuni, na katika mashine ya mwaka 2012 nisingeijaribu. Isitoshe, mipangilio isiporekebishwa hula umeme usio haba hata ikiwa imekaa kimya.

Umbo, umeme na joto

Kompyuta za ofisini huja kwa maumbo matatu: ndefu kama mnara, nyembamba, na ndogo kama kitabu. Ile ya kitabu kwa kawaida haiingii kadi. Nyembamba yaingia kadi fupi tu, ambayo kipande chake cha chuma cha mgongoni kina kimo cha sentimita 8 hivi badala ya 12. Boksi la kadi nzuri huwa na vipande vyote viwili, kirefu na kifupi, pamoja na skrubu zake, na katika kadi ya mtumba kifupi huwa kimepotea. Chukua rula, pima nyumbani, ndipo uende.

Tundu ambamo kadi huchomekwa hutoa wati 75 kwa kikomo, na pawa saplai ya OptiPlex 7010 nyembamba ni ya wati 240 kwa mashine nzima. Kwa hiyo kadi inayotaka waya wake wa ziada wa umeme haikuhusu, hata ukipewa bure. Kwa upande wa Luku, kadi ya wati 30 ikienda kwa kilele saa nne kila siku hutumia uniti 44 kwa mwaka, na ya wati 75 hutumia 110, ingawa filamu haiifikishi kadi katika kilele chake.

Zipo kadi zisizo na feni, zenye bamba pana la kupozea, na katika chumba cha usiku utulivu wake ni starehe isiyo na mfano. Walakini bamba lahitaji hewa, na desturi yetu ya kuitumbukiza kompyuta ndani ya kabati la runinga, kitambaa cha darizi juu na mlango wa kioo mbele, huigeuza kadi hiyo kuwa jiko. Mwenye kabati asiyetaka kuutoa mlango achukue yenye feni, aipulizie vumbi kila baada ya miezi michache, hasa akiwa karibu na bahari, ambako chumvi na unyevu havina huruma na vyuma.

Hadaa za sokoni

Zimeenea kadi za ghiliba, ambazo ndani yake mna chipu ya zaidi ya miaka kumi, na maandishi yake ya ndani yamebadilishwa ili Windows iiite GTX 1050 Ti au jina jingine la kuvutia. Programu ndogo isiyolipiwa iitwayo GPU-Z huzifichua nyingi kati ya hizo, kwani tangu mwaka 2018 huandika neno FAKE mbele ya jina la kadi ya namna hiyo. Tundu la VGA, lile la buluu lenye pini kumi na tano, likionekana mgongoni mwa kadi inayojiita GTX 1050 Ti, hiyo ni dalili tosha, maana chipu halisi ya jina hilo haitoi VGA.

Lakini jaribio linalopita yote halitaki elimu ya majina. Tia katika flashi yako filamu moja ya 4K ya HEVC yenye biti 10, na VLC iwe tayari. Dukani omba kadi ichomekwe, icheze filamu, kisha ufungue dirisha la Task Manager. Mchoro wa Video Decode ukipanda na prosesa ikabaki chini, kadi inasoma. Prosesa ikipanda juu na mchoro huo ukalala sifuri, kadi imekaa bure, hata ingekuwa na GB 8. Muuzaji mwungwana hukupa dakika tano hizo bila kununa. Akikataa, rudisha flashi mfukoni, muage kwa adabu, uende duka la pili.